Kusoma kwa masikio ukiwa njiani: mihadhara, kitabu cha kusomewa na simu, au sauti yako mwenyewe? (ulinganisho kwa mitihani ya CLEP)

MsafiriWaAlfajiri

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri wa walionitangulia.

Niko Marekani, kazi yangu ni kutunza wazee. Kwenda kazini ni dakika 75 kwa gari, kurudi vilevile. Kwa siku 5 hizo ni saa 12 na nusu kila wiki. Nyumbani kuna watoto wawili, nikishaingia mlangoni habari ya kitabu imeishia hapo. Muda wangu wa kusoma ni ule wa njiani, na njiani macho yana kazi nyingine.

Nataka kumaliza baadhi ya masomo ya mwaka wa kwanza kwa mitihani ya CLEP. Kwa asiyeijua: ipo tangu 1967, chini ya College Board, shirika la mitihani la Marekani. Mingi ni ya dakika 90 kwenye kompyuta, na chuo kinachoukubali mtihani wako kinakupa krediti kana kwamba ulikaa darasani muhula mzima. Alama zinaanzia 20 hadi 80, na vyuo vingi vinataka 50. Nimeshapita kwa msajili wa chuo changu, wameniandikia krediti 3 kwa Saikolojia ya Utangulizi, 3 kwa Historia ya Marekani sehemu ya kwanza, na 3 kwa Aljebra.

Sasa swali. Naona njia tatu: mihadhara ya vyuo iliyorekodiwa, kitabu cha kiada kinachosomwa na simu, au kujirekodi mwenyewe. Nimejaribu ya kwanza kwa wiki mbili. Nikiwa nasikiliza, kila kitu naelewa. Nikizima gari na kujiuliza nimejifunza nini, napata mifano miwili tu na sauti ya mwalimu. Nakosea wapi?

FundiRedio

Dada Msafiri, hongera kwa kuanzia kwa msajili. Wapo wanaofanya mtihani kwanza, wakienda chuoni wanaambiwa ule hatuupokei.

Mimi ni dereva wa kusambaza mizigo, nimefaulu mitihani 4 ya CLEP, na nakuambia kwa moyo wote: chukua njia ya tatu. Hilo la kuelewa halafu kusahau si udhaifu wako. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walichapisha majaribio yao na wanafunzi waliopewa habari fupi za kusoma. Baadhi waliirudia kuisoma, wengine walijipima bila kuitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mhadhara masikioni ni kurudia kusoma, isipokuwa unatumia sikio.

Ninavyofanya: narekodi swali kwa simu, nanyamaza kidogo, halafu natoa jibu. Ule ukimya ndio somo lenyewe. Lazima ujibu kwa sauti kabla jibu halijaja. Mfano wa faili langu la saikolojia: "Mtu anafunga mkanda ili ule mlio wa gari unyamaze. Ni adhabu au ni uimarishaji hasi?" Kimya. "Ni uimarishaji hasi. Kero imeondolewa, na tabia ya kufunga mkanda imeongezeka. Adhabu hupunguza tabia." Hili linawachanganya wengi sana kwenye mtihani, kwa sababu neno hasi linasikika kama adhabu.

Swali lenyewe nalisema kwa Kiingereza, jinsi litakavyokuja kwenye kompyuta. Ufafanuzi naweka kwa Kiswahili. Jambo nililojieleza kwa lugha ya mama halinitoki.

MamaTumaini

Kaka Fundi, nakuheshimu, ila umeruka hatua. Huwezi kujiuliza usichokijua. Nani atakuandikia hayo maswali kama hujasoma kitu?

Mihadhara ina nafasi yake, mradi uchague inayoendana na mtihani wenyewe. Chuo Kikuu cha Yale kimeweka baadhi ya kozi zake nzima bure, unapakua sauti tupu. Kozi ya John Merriman ya ustaarabu wa Ulaya ni 1648 hadi 1945, na mtihani wa Ustaarabu wa Magharibi sehemu ya pili unaanzia 1648 hiyohiyo. Unasikiliza kama hadithi, na ukifika kwenye maswali unajua nani alimfuata nani na kwa nini.

Kwa historia yako, dada, kuwa makini. Ipo kozi ya David Blight ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, 1845 hadi 1877. Ni tamu, nilishawahi kukaa kwenye maegesho nikisubiri amalizie sentensi. Lakini mtihani unaanzia miaka ya 1500. Mwongozo wa College Board unasema takriban asilimia 30 ya maswali ni kabla ya 1790 na asilimia 70 ni 1790 hadi 1877. Ukimtegemea Blight peke yake, utakuwa bingwa wa kipande cha mwisho na mgeni kwa marais wa mwanzo kama Jefferson na Jackson.

Halafu kuna Modern States. Kozi zao ni bure, zimetengenezwa kwa ajili ya CLEP, na ukimaliza kozi unaweza kuomba wakulipie ada ya mtihani. Ni video, ila masomo mengi ya maneno yanasikika vizuri bila kutazama.

FundiRedio

Mama Tumaini, hapo umenirekebisha, na nashukuru. Kweli mimi nilikuwa nasoma sura moja Jumapili usiku, nakata maswali humo, ndipo wiki nzima nasikiliza. Nilisahau kuitaja hiyo Jumapili.

MwanaTreni

Mimi sishiki usukani, napanda treni dakika 50, kwa hiyo nimejaribu zote. Niseme kuhusu njia ya pili, maana hakuna aliyeigusa.

OpenStax, wa Chuo Kikuu cha Rice, wana vitabu vya kiada bure, saikolojia na historia ya Marekani vimo. Unakifungua kwenye simu na simu inakusomea. Faida yake ni kwamba hakuna kinachorukwa. Kozi ya saikolojia ya Paul Bloom kule Yale ina mihadhara 20, na inapendeza mno, kuna mhadhara wa mapenzi, kuna wa usingizi, ndoto na kicheko, lakini mwalimu anafuata njia yake, si orodha ya mtihani. Kitabu kinapita kila kona.

Hasara zake ni mbili. Ya kwanza, simu haijui kipi ni kikubwa. Inasoma maelezo ya chini ya picha kwa uzito uleule inaosomea fundisho kuu, na likija jedwali inamwaga namba tu. Ya pili iliniuma. Kuna maneno ambayo sikio haliyatenganishi. Seli za neva zinazopeleka habari kwenye ubongo zinaitwa "afferent", zinazotoa amri kwenda kwenye misuli ni "efferent". Nilisikiliza sura hiyo mara tatu nikidhani ni neno moja. Nilipofungua kitabu kwa macho ndipo nikaona ni mawili, tena yanapingana.

Tangu siku hiyo, sura yoyote naipitia kwa macho dakika 10 kwanza, naandika majina yanayofanana kwenye karatasi. Baada ya hapo masikio yanaendelea.

MwalimuMstaafu

Wanangu, nimefurahi kusoma hapa. Mnalinganisha njia, ila linganisheni na masomo pia, maana si kila somo linaingia sikioni.

Saikolojia, sosholojia, historia, serikali ya Marekani, uongozi wa biashara: haya ni masomo ya maneno na maana. Sikio linayabeba. Aljebra hapana. Binti yangu Msafiri, aljebra iondoe kwenye gari. Unaweza kukariri kanuni kwa kuimba, "b mraba toa 4ac, ikiwa hasi hakuna jibu halisi", na hilo litakusaidia. Lakini kutatua maswali 60 kwa dakika 90 kunafundishwa na mkono ulioshika kalamu. Tafuta saa mbili za Jumamosi, uiache peke yake huko. Sisemi hili kukuvunja moyo. Nimeona watu wazima wenye akili timamu wakijiona wajinga wa hesabu, kumbe walikuwa wanaisoma kwa kiungo kisichostahili.

Na mtihani wenyewe, jibu kila swali, jibu la kukosea halipunguzi alama. Ukishindwa unasubiri miezi 3 kabla ya kurudia mtihani uleule. Ndiyo maana usiende kujaribu bahati.

SijaliUmbali

Mwalimu amesema kweli, nami naongeza somo ambalo sikio ndilo mwenyewe: lugha. CLEP ina Kihispania, Kifaransa na Kijerumani, na sehemu ya mtihani ni kusikiliza. Vyuo vingi hutoa krediti nyingi zaidi kwa lugha kuliko kwa somo la kawaida. Mimi nafanya kazi na Wahispania jikoni, nusu ya somo nilikuwa nalipata kazini na nusu njiani.

Hapo ndipo nilipokutana na ratiba ya Paul Pimsleur, mwalimu wa lugha aliyeichapisha 1967. Neno jipya unaulizwa baada ya sekunde 5, kisha 25, kisha dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1, siku 5, siku 25, na kuendelea. Unaulizwa pale unapokaribia kusahau. Ukiitazama, safari ya kwenda na kurudi kazini imeikalia kama kofia: asubuhi unajifunza, jioni unaulizwa, kesho yake tena.

MamaTumaini

Hiyo ya asubuhi na jioni nimeipenda sana. Basi dada Msafiri: asubuhi mhadhara ukiwa na akili mpya, jioni maswali ya mhadhara uleule. Jioni umechoka, mhadhara utakulaza, ila swali litakuamsha.

FundiRedio

Na nisisitize usalama, dada, maana hapa tunaongea na mtu anayeendesha. Panga faili zote nyumbani, bonyeza kabla hujaondoka, simu usiiguse tena. Mvua, foleni inayokata njia, barabara usiyoijua: zima. Mimi nilishawahi kupitiliza njia yangu ya kutokea kwa sababu nilikuwa natafuta kichwani mwaka wa hukumu ya Dred Scott, ile kesi ya mtumwa aliyedai uhuru wake. Ni 1857, na haikustahili hatari hiyo. Usiongeze kasi ya sauti pia. Wengi wanasikiliza kwa mara 1.5 au 2 wakidhani wameokoa muda, lakini dereva anahitaji nafasi ya kupumua kati ya sentensi.

MwanaTreni

Kwenye kasi sikubaliani nawe, mkuu. Kwa anayerudia kitu alichokwisha kusikia, mara 1.25 haina shida kabisa. Kwa kitu kipya, sawa, tuache kawaida.

MsafiriWaAlfajiri

Nimerudi, wapendwa. Nimekaa siku 9 bila kuandika kwa sababu nilikuwa nafanya mlichoniambia.

Jumapili nilisoma sura ya kujifunza kwa mazoea, ya kitabu cha OpenStax, kwa macho. Majina yanayofanana nikayaandika pembeni kama MwanaTreni alivyosema. Nyumbani kulikuwa na kelele, nikatoka nikakaa ndani ya gari lililozimwa, nikarekodi maswali 22 kwa sauti yangu. Mwanzoni niliona haya kujisikia.

Jumatatu asubuhi nilijibu 9. Jioni ileile 15. Sikuamini, kwa sababu kwa wiki mbili za mihadhara nilijiona najua yote, na kumbe nilikuwa najua 9 kati ya 22. Iliniuma kidogo, lakini sasa najua nilipo. Ijumaa nilifika 20. Jumamosi asubuhi, watoto wakiwa bado wamelala, nilifungua aljebra na daftari, bila sauti yoyote, na mwalimu, nimeelewa ulichomaanisha.

Leo nimeingia kwenye gari, ule mlio wa mkanda ukaanza, nikajikuta nasema kwa sauti "uimarishaji hasi" kabla sijaufunga.

Swali moja limebaki. Kaka Fundi, ule ukimya unaacha sekunde ngapi? Wangu wa sekunde 3 unanikimbia.

FundiRedio

Sekunde 6 kwa jina au mwaka. Sekunde 10 kama ni swali la kueleza sababu. Hesabu kimoyomoyo wakati unarekodi. Na hayo mawili uliyobaki nayo Ijumaa, yatenge kwenye faili fupi la peke yake, uyasikilize kwanza kila asubuhi mpaka yakupitie mdomoni bila kufikiri.

MsafiriWaAlfajiri

Nimeandika. Usiku narekodi sura ya kumbukumbu.