Mshahara unakuja nusu nusu na mkataba unakaribia kuisha: niseme sasa au ningoje?

Karani wa Stoo
Habari zenu wadau. Naomba ushauri, na mniambie ukweli hata kama ni mchungu.

Niko Industrial Area, Nairobi, kwenye bohari la vifaa vya ujenzi. Mimi ndiye hupokea mali na kuandika stoo, na tangu mwenzangu aondoke mwaka jana, ankara zake pia zimekuwa zangu. Mshahara ni 38,000 kabla ya makato. Mkataba unasema tulipwe kufikia mwisho wa mwezi. Siku hizi nusu huingia tarehe tano, nusu nyingine katikati ya mwezi, na meneja husema serikali ya kaunti, mteja wetu, haijalipa bili zake. Landilodi wangu wa mtaa wa Umoja ameanza kunipigia simu.

Wiki hii nikaangalia akaunti yangu ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni. Hati ya mshahara inaonyesha 2,280 zikikatwa kila mwezi, lakini kwenye akaunti hakuna kilichoingia tangu Januari.

Mkataba unaisha mwisho wa mwezi ujao. Wenzangu wanasema ninyamaze hadi nisaini mwingine. Nami nilitaka pia kuomba nyongeza, kwa sababu nafanya kazi ya watu wawili. Nianze na lipi, na lini?

Mama Shiru
Saini kwanza, dada. Kazi ni adimu Nairobi hii.

Mzee wa Chama
Mama Shiru, kwa nyongeza nakubaliana nawe. Kwa hayo mengine, hapana.

Binti yangu, umeyafunga mambo mawili tofauti pamoja, ndiyo maana yanakutisha. Nyongeza ni ombi. Mwajiri anaweza kulikataa bila kosa lolote, kwa hivyo lina wakati wake: lipeleke mkiketi kuzungumza mkataba mpya, ukiwa na orodha ya kazi alizokuachia mwenzako. Lakini mshahara wa mwezi uliokwisha na pesa za NSSF ni zako tayari. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 18, inasema mshahara wa mwezi hulipwa mwezi ukiisha. Kifungu cha 19 kinasema mwajiri akikukata pesa asizifikishe zinakotakiwa, ni kosa la jinai. Hapo unadai haki yako.

Na kungoja kuna gharama. Mwajiri anatakiwa kuongeza 2,280 zake juu ya zako, kwa hivyo kila mwezi unaopita ni 4,560 ambazo hazipo. Angalia SHA pia, bima ya afya ya serikali. Asilimia 2.75 ya mshahara wako ni 1,045, na kama hazifiki, utajulia kwenye dirisha la hospitali mtoto akiwa mgonjwa.

Otis wa Donholm
Mzee, nakuheshimu, lakini sheria hailipi kodi ya nyumba. Kifungu cha 46 kinakataza mtu kufutwa kwa sababu amelalamika, sawa. Ila mkataba wa muda ukifika mwisho hawakufuti, wanakataa tu kuuhuisha, na kuthibitisha kwamba ni kisasi ni kazi ngumu. Mimi niliulizia ovataimu kwa mwajiri wangu wa zamani. Mkataba haukuhuishwa, na kwenye barua hakuna aliyetaja ovataimu. Sisemi anyamaze. Asiende peke yake tu.

Mzee wa Chama
Hapo umenena. Kama wenzake nao hawajalipwa, waingie pamoja.

Karani wa Stoo
Wawili wako tayari. Tuandike kwenye grupu ya WhatsApp ya kazi?

Nduta wa Hesabu
Usithubutu. Bosi akiulizwa pesa mbele ya madereva na wapakiaji atajitetea, na mazungumzo yameishia hapo.

Mimi ni mhasibu. Orodha ya mishahara huanza kuandaliwa kama tarehe 20, na hapo ndipo inaamuliwa nani alipwe kwanza. Ukienda tarehe tatu, pesa zimeshagawiwa wasambazaji. Nenda kabla ya 20, asubuhi, malori hayajaanza kushusha. Ongeeni kwa mdomo kwanza, kisha jioni hiyo utume barua pepe fupi:

"Asante kwa kutusikiliza leo. Kama tulivyozungumza, mshahara wa mwezi uliopita ulikamilika tarehe 14, na michango yangu ya NSSF tangu Januari haionekani kwenye akaunti. Naomba kujua michango hiyo itawasilishwa tarehe gani, na mshahara wa mwezi huu utaingia tarehe gani. Nimeambatisha taarifa ya NSSF."

Usitaje mahakama wala nyongeza. Na usihesabu mchango wa mwezi huu, maana huwasilishwa mwezi unaofuata. Ukimhesabia ambao haujafika wakati wake, atashika hilo na kuacha mengine yote.

Karani wa Stoo
Na asipojibu?

Mzee wa Chama
Mpe wiki mbili. Kisha nenda kwa afisa wa leba wa serikali, na NSSF wenyewe wana wakaguzi. Ikifika mahakamani, anayelipwa chini ya 80,000 kwa mwezi husikilizwa na hakimu, na una miaka mitatu ya kudai. Hata mkataba usipohuishwa, deni linabaki.

Otis wa Donholm
Na nakala za kila kitu ziwe kwenye simu yako, si kompyuta ya kazini.

Karani wa Stoo
Nimewasoma wote, asanteni sana. Tutaingia watatu, Alhamisi asubuhi. Nyongeza nitaingoja siku ya mkataba. Mama Shiru, nimekusikia pia, lakini hizo 4,560 zimeninyima usingizi.

Hati za mshahara za Machi na Aprili sinazo. Nikimwomba mhasibu wetu, anaweza kuninyima?

Nduta wa Hesabu
Hana ruhusa. Kifungu cha 20 kinamtaka mwajiri akupe hati kila unapolipwa. Ziombe kesho, kabla ya hiyo Alhamisi.