Naomba ushauri: nitetee vipi uchaguzi wa makadirio kwenye DFT?

Wakuu, habari zenu. Naandika tasnifu kuhusu mmenyuko wa radikali (molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza) kwa kutumia nadharia ya msongamano wa elektroni (DFT), na kuna jambo linanikwamisha.

Hohenberg na Kohn walithibitisha mwaka 1964 kwamba nishati ya hali ya chini kabisa inategemea msongamano wa elektroni tu. Sawa. Ila uthibitisho wao unasema fomula ya kupata nishati hiyo kutoka kwenye msongamano ipo, hausemi ikoje, ndiyo maana tunaishi kwa makadirio. Kadirio liitwalo PBE limejengwa kwa masharti ya kifizikia. Jingine, B3LYP, lina vigezo vitatu vilivyopatikana kwa kulinganisha na data za maabara.

Sasa tazama H₂⁺, ioni ya hidrojeni yenye viini viwili. Elektroni ni moja, haina wa kusukumana naye. Lakini ukitenganisha viini, PBE inatoa nishati ya chini mno, kwa kuwa kosa la elektroni kujihisi yenyewe halifutiki. B3LYP, pamoja na asilimia 20 ya Hartree-Fock (njia ya kukokotoa isiyo na kosa hilo), inalipunguza tu.

Je, niongeze kiwango cha Hartree-Fock, au nihamie makadirio yanayotenganisha masafa mafupi na marefu kati ya elektroni? Na kinadharia nijitetee vipi? “Kila mtu anaitumia B3LYP” msimamizi wangu haikubali, na kwa kweli hata mimi hainiridhishi.