Neymar na Santos 2026: wampe mwaka mzima, wamlipe kwa mechi, au wamwachie aende?

Kiungo Mkabaji (mwanzisha mada)

Wakuu, ligi ya Brazil ya 2025 imeisha na Santos wamepona. Wamemaliza nafasi ya 12 baada ya miezi ya kuchungulia shimo la kushuka daraja, na aliyewavuta juu ni Neymar yuleyule ambaye mwaka mzima tulikuwa tunaambiana amekwisha. Sasa mkataba wake unafika mwisho Desemba hii ya 2025. Februari 5 anatimiza miaka 34, goti la kushoto lina kasoro, na bado anataka kwenda Kombe la Dunia.

Naomba tulinganishe kwa akili ya kiongozi wa klabu anayesaini hundi, tuweke pembeni mapenzi ya Barcelona ya 2015. Mimi naona njia tatu. Ya kwanza, wampe mwaka mzima na mshahara kamili, timu ijengwe kumzunguka. Ya pili, mkataba wenye mshahara mdogo wa msingi, halafu pesa nyingine iingie kadiri anavyocheza. Ya tatu, waagane kwa heshima, hela ile isajili vijana wenye miguu mizima.

Nasimama na ya pili. Kipaji chake hakina mjadala. Swali langu ni nani anabeba hasara ya dakika ambazo hatacheza. Al-Hilal ya Saudia waliibeba yote peke yao. Agosti 2023 waliwalipa PSG takribani euro milioni 90, wakaambulia mechi saba na bao moja. Oktoba 17 mwaka huohuo aliumia Montevideo akiwa na Brazil dhidi ya Uruguay, ACL (kano kuu ndani ya goti) na gegedu la goti vikaenda kwa pamoja, akakaa nje mwaka mzima. Alirudi Oktoba 2024 dhidi ya Al-Ain. Wiki mbili baadaye, dhidi ya Esteghlal, akaingia akitokea benchi na baada ya kama nusu saa nyama za paja zikagoma. Januari 2025 wakavunja mkataba, naye akarudi Santos. Hakuna kocha anayeweza kupanga msimu kwa hesabu za namna hiyo.

Mswahili wa Muscat

Mkuu, huku Ghuba ligi ya Saudia ndiyo inayotukesha, kwa hiyo niongeze jambo ambalo watu hulisahau. Msimu huohuo ambao Neymar alikuwa kwenye matibabu, 2023-24, Al-Hilal walichukua ubingwa bila kupoteza hata mechi moja ya ligi. Maana yake klabu tajiri ina uwezo wa kukosea usajili wa aina hii na maisha yakaendelea. Santos hawana kikosi cha kuficha pengo kama hilo.

Na hasara haikuwa ya pesa pekee. Nafasi za wageni kule zina ukomo, ndiyo maana msimu wa 2024-25 ulipoanza hawakumwandikisha kwenye ligi ya ndani, wakambakiza kwa mechi za Asia tu. Mchezaji majeruhi mgeni anakula na nafasi ya mwenzake. Kwa Santos hilo halipo kwa sababu yeye ni mzawa. Hapo wana nafuu ambayo Al-Hilal hawakuwa nayo, na ni nafuu kubwa.

Nyali_FC

Mimi ni wa njia ya kwanza na sibadiliki. Hapa Mombasa mechi ya Santos dhidi ya Juventude, mwanzoni mwa Desemba, ilianguka usiku wa manane, tukaitazama hivyohivyo. Santos walikuwa pabaya, mzunguko mmoja tu ungebaki baada ya hapo. Neymar alikuwa tayari ameumia gegedu la goti, na taarifa zilikuwa kila mahali kwamba madaktari wanataka apumzike. Kipindi cha pili akafunga matatu katika muda usiofika dakika 20, la mwisho kwa penalti. Wakashinda 3-0. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amefunga na kutoa pasi ya bao dhidi ya klabu ya Sport, nayo 3-0. Siku ya mwisho Cruzeiro naye 3-0.

Sasa niambieni, kijana gani wa miaka 20 ungemsajili kwa hela hiyo akakupa zile mechi tatu za mwisho? Santos walishuka daraja 2023 kwa mara ya kwanza tangu klabu ianzishwe 1912. Kila mchezaji aliyevaa ile jezi mwezi Novemba alikuwa na hofu hiyo miguuni. Mtu wa kuomba mpira wakati wenzake wanaukimbia hapatikani sokoni kwa bei ya kawaida. Pia hamuhesabu jezi, wadhamini na viti vinavyojaa. Iliripotiwa kwamba sehemu kubwa ya malipo yake inatoka kwenye haki za picha, yaani pesa ambayo bila yeye isingekuwepo kabisa.

Binti wa Moro

Nyali, heshima yako kaka, lakini umetuonyesha wiki mbili za mwaka. Mwaka una wiki 52.

Machi alikosa nusu fainali ya Paulista, ligi ya jimbo la São Paulo, dhidi ya Corinthians kwa paja. Aprili 16 dhidi ya Atlético Mineiro alivaa jezi yenye namba 100 mgongoni, kwa sababu ilikuwa mechi yake ya 100 Vila Belmiro, uwanja wa Santos. Dakika ya 34 akashika paja, akaketi, akatolewa akilia. Ile picha iliniumiza kama mlivyoumia nyie, namba 100 mgongoni na uso umefunikwa. Agosti wakapigwa 6-0 na Vasco naye yuko uwanjani, kocha Cléber Xavier akafukuzwa. Septemba paja tena, kama mwezi mmoja na nusu. Sasa jiulizeni Santos walifikaje kwenye hatari ile ya Novemba kama siyo kwa kuishi mwaka mzima wakimsubiri mtu mmoja?

Tena kuna mechi ya Flamengo pale Maracanã, Novemba. Santos wako nyuma 3-0, kocha mpya Vojvoda anamtoa dakika za mwisho, anatoka ananung'unika kamera zote zikimwangalia. Alipokwisha kutoka, Santos wakapata mawili. Ikaisha 3-2. Sisemi yeye ndiye aliyekuwa tatizo. Nasema wenzake walicheza kwa uhuru wakati hawakulazimika kumtafuta kwa kila mpira.

Na hii ni Santos, jamani! Klabu iliyomtoa Pelé, ikaja ya Robinho na Diego, ikaja ya Neymar mwenyewe na Ganso, ikaja ya Rodrygo waliyemuuza Real Madrid kwa euro milioni 45. Kazi yao ni kulea na kuuza. Kila dakika anayopewa mtu wa miaka 34 kwa ajili ya jina ni dakika anayonyimwa atakayeuzwa kesho. Mimi njia ya tatu.

Fizio wa Tanga

Nimesoma wote. Mimi kazi yangu ni tiba ya viungo, nazungumza kwa upande huo tu.

Mnayaona haya majeraha kama bahati mbaya zilizofuatana. Mengi yana uhusiano. Mtu akipasuliwa ACL, paja la mguu ule hupungua nguvu. Unaweza kumrudisha uwanjani baada ya miezi tisa au kumi na miwili, lakini kukimbia kasi kamili halafu ukafunga breki ghafla, hiyo inachelewa kurudi. Mwili unahamishia kazi kwenye misuli mingine na upande wa pili. Hapo ndipo nyama za paja zinaanza kukatika, mara mguu huu mara ule. Na msuli ukishachanika mara moja, nafasi ya kuchanika tena inapanda, hasa umri ukiwa umepita miaka 30 na mapumziko kati ya mechi ni siku tatu. Kabla ya goti alishavunjika mfupa wa mguu wa kulia 2018, akaumia hapohapo 2019, halafu akafanyiwa upasuaji wa kifundo 2023. Mguu wa kulia una historia yake, wa kushoto una yake.

Lakini Binti, usimzike mapema. Mwangalie Falcao. ACL ilikatika Januari 2014. Manchester United wakamchukua kwa mkopo msimu wa 2014-15, akafunga manne ya ligi. Msimu uliofuata Chelsea, bao moja. Wote tulisema basi. Msimu wa 2016-17 akarudi Monaco, akafunga 21 ya ligi na wakabeba ubingwa wa Ufaransa mbele ya PSG. Wapo wanaorudi baada ya mwaka wa pili au wa tatu, pale mwili unapoacha kuogopa. Klabu zilizomlipa kipindi cha kusubiri hazikuvuna, ikavuna iliyokuja baadaye. Santos wameshalipia 2025. Wakimwachia sasa, huenda mtu mwingine akavuna.

Kinachonitia wasiwasi na njia ya pili ni hiki: ukimlipa mchezaji kwa mechi, umempa sababu ya kuficha maumivu. Ile mechi ya Juventude inayosifiwa, mimi niliitazama nikiwa nimeshika kichwa. Gegedu lililochanika ukilichezesha wiki tatu unaweza kuongeza ukubwa wa mpasuko.

Babu Kariakoo

Vijana mmezungumza vizuri. Mimi nawaletea Michael Owen, kwa sababu njia ya pili ilishajaribiwa na kocha asiyekuwa na masihara.

Mwaka 2009 Newcastle wameshuka daraja, Owen mchezaji huru, miaka 29 tu lakini nyama za paja na goti vilishachoka kama za mzee. Ferguson wa Manchester United akamchukua bure, mshahara umeegemea sana kwenye kucheza, akampa jezi namba 7. Watu wakacheka. Septemba 20, dabi ya Manchester, 3-3, dakika ya 96, Giggs anampenyezea pasi, Owen anautuliza kwa mguu mmoja anamalizia kwa nje ya mguu. 4-3. Kwa mashabiki wa United usajili ulikuwa umeshajilipa palepale. Februari 28, 2010, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Aston Villa, anasawazisha, na kabla ya mapumziko anatoka ameshika paja. Msimu ukaishia hapo.

Mnaona? Alipata bao na jeraha katika mechi ileile. Lakini United hawakutikisika, kwa sababu mbele walikuwa na Rooney na Berbatov. Owen alikuwa wa ziada. Akakaa misimu mitatu, akapata medali ya ubingwa 2011.

Zlatan ni hadithi tofauti. Milan wanapigwa 5-0 na Atalanta Desemba 2019, Januari wanamchukua akiwa na miaka 38, miezi sita kwanza na kipengele cha kuongeza. Hakucheza kila mechi, msimu wa 2020-21 alicheza 19 za ligi akafunga 15. Ila akili ya chumba cha kubadilishia nguo ilibadilika, na 2022 wakawa mabingwa wa Italia. Thiago Silva naye Chelsea walimchukua bure akiwa na miaka 35, kwa mwaka mmoja tu mwanzoni, akaishia kukaa minne na Kombe la Ulaya juu. Na hata fainali ile iliyochezwa Porto alitoka ameumia kabla ya mapumziko, Christensen akaingia na timu haikuyumba.

Kwa hiyo mimi kabla ya kuuliza mkataba wa Neymar uweje, nauliza nani yuko nyuma yake. Nani ndiye Christensen wa Santos?

Nyali_FC

Babu umenigusa na hilo. Lakini Zlatan ni ushahidi wangu mimi! Alipewa heshima ya kuwa kiongozi, hakuhesabiwa dakika kama mtumishi wa kibarua. Neymar ni mtoto wa pale, karudi kwa hiari yake. Ukimwekea karatasi ya "hujacheza hulipwi" utamvunja moyo.

Kiungo Mkabaji

Habari zimeingia, ameshafanyiwa upasuaji wa lile gegedu. Ligi ya 2026 imepangwa kuanza mwishoni mwa Januari, badala ya Machi au Aprili tulivyozoea. Kwa hiyo yeyote anayemsainisha leo anajua kabisa mechi za mwanzo hatakuwepo.

Fizio, hoja yako ya kuficha maumivu nimeipima na ni nzito. Basi malipo ya ziada yasifungwe kwenye mechi. Yafungwe kwenye wiki ambazo daktari wa klabu amemthibitisha kuwa mzima na amefanya mazoezi yote na wenzake. Akiwa mzima na kocha akaamua kumpumzisha, analipwa. Daktari akikataa asicheze, rais wa klabu haruhusiwi kupiga simu. Nyali, hapo hakuna kudhalilishwa kwa mtu, kwa sababu atakayemfanyia uamuzi ni mwili wake mwenyewe.

Viwanja vya nyasi bandia, Palmeiras na Botafogo kwa mfano, viandikwe nje ya hesabu tangu mwanzo. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wachezaji waliovilalamikia hadharani Februari 2025. Sio jambo la kuvizia asubuhi ya mechi.

Na Kombe la Dunia lisemwe mezani. Ancelotti, kocha wa Brazil, hakumwita timu ya taifa 2025 hata mara moja. Kati ya Machi na Mei Neymar atataka kuonekana kila wiki, mwili uwe unaruhusu au la. Huo ndio msimu wa hatari kuliko wote, na klabu ikiuingia bila maandishi itaburuzwa.

Swali la Babu ndilo la kwanza kujibiwa. Asajiliwe kwanza namba 10 mwingine wa kuanza Februari na Machi, mtu wa kucheza, asiwe wa kushikilia kiti. Huyo akishasaini, ndipo Neymar aitwe.

Binti wa Moro

Kwa masharti hayo nashuka kidogo kwenye msimamo wangu. Ila ongeza moja: Vojvoda awe na ruhusa ya kumtoa dakika ya 60 bila kuombwa maelezo na mtu yeyote. Likikosekana hilo, mimi bado ni wa njia ya tatu.