Nina kazi tatu mkononi: ipi itanilisha hapa Mombasa?

Mpya_wa_Dawa
Salaam wakuu. Mimi ni mfamasia wa digrii, nimemaliza mwaka wa mafunzo hospitalini, leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu imetoka, na kwa bahati nimeitwa kazini sehemu tatu ndani ya mwezi mmoja. Naziweka hapa mnichambulie.

Ya kwanza ni famasi ya mtu binafsi upande wa Nyali: 80,000 kabla ya makato, siku sita kwa wiki, na zamu ya jioni inafika saa tatu usiku. Ya pili ni hospitali ya umma ng'ambo, ukishavuka feri ya Likoni, mkataba wa miaka mitatu, 120,000 marupurupu yakiwa ndani. Ya tatu ni kutembeza dawa za kampuni kwa madaktari: 65,000, kamisheni na pesa za mafuta. Gari niwe nalo mwenyewe, na sina.

Naishi Kisauni, chumba na sebule, 14,000. Sijaoa, ila mama yuko Voi na mdogo wangu yuko sekondari. HELB, wale wa mkopo wa chuo, wameshaanza kunitumia meseji.

Baba Yusra
Kwanza uache kuhesabu pesa ambazo hutaziona. Mimi nafanya mishahara ya watu, nikupigie kwa viwango vya 2025.

Kwenye 80,000, NSSF ya uzeeni inachukua 4,320, SHIF ya matibabu 2,200 (ni 2.75%), na tozo ya nyumba 1,200 (1.5%). Tangu Desemba 2024 haya matatu yanaondolewa kabla ya kodi, angalau hapo walituhurumia. Kodi yako ya mapato, ukishatoa ile nafuu ya 2,400, ni 14,067. Mkononi: 58,213.

Kwenye 120,000, mkononi ni 85,023. Yaani ule mwanya wa 40,000 unaouona kwenye barua, ukifika benki ni 26,810. Si kidogo, lakini pigia hesabu huo, usipigie ule wa barua. NSSF nayo imekuwa ikipanda kila Februari, kwa hiyo toa kidogo tena.

Bint_Majengo
Kaka Mpya, mimi ni wa diploma, miaka minne kaunta, napokea 35,000. Nimelea mtoto kwa hiyo. Nisikilize vizuri, sikuonei wivu.

Kodi ya nyumba siyo itakayokumaliza. Ni vile vidogo. Maji ya bomba kwetu yanakuja yakijisikia, ya kisima ni chumvi tupu, chai ukiipika nayo hainyweki. Kwa hiyo wanunua mtungi mmoja mmoja kwa mwenye mkokoteni, na mfungo ukiingia bei yapanda. Tokeni za stima ndiyo usiseme: Januari na Februari hulali bila feni. Halafu zamu ya saa tatu usiku, matatu za kurudi Kisauni zishapungua, wapanda bodaboda kila siku. Hiyo boda peke yake kwa mwezi ni kama robo ya kodi yako ya nyumba. Muulize huyo tajiri wa Nyali kama anatoa usafiri wa usiku.

Mzee_wa_Kaunta
Nimekuwa na duka la dawa tangu enzi za kuandika kila kitu kwenye daftari, kwa hiyo acha nikwambie jambo ambalo mwajiri wako hatakwambia.

Kijana wa digrii anakuja akiniambia amesoma miaka mitano na mwaka mmoja wa hospitali. Namheshimu. Lakini mteja akiingia na karatasi ya amoksilini au dawa ya presha, Bint Majengo anamhudumia vizuri tu, na sheria inamruhusu. Mauzo yangu ya siku hayapandi kwa sababu digrii iko nyuma ya kaunta. Ndiyo maana famasi za mtaani hazitaki kupita hapo kwenye 80,000. Bei yako pale imefungwa na mshahara wa mwenzako wa diploma. Yeye akilipwa 35,000, wewe nikikulipa mara mbili na ziada naona nimekutendea ukarimu.

Hospitalini ni tofauti. Kuna kuchanganya dawa za saratani, kuna kupanga dozi za mgonjwa ambaye figo zimechoka, kuna kamati ya kuchagua dawa. Huko ndiko miaka yako mitano inapoonekana.

Na mtu asikudanganye ukodishe leseni itundikwe ukutani huku wewe uko kwingine. Vijana wanaiita pesa ya bure. Siku wakaguzi wanapofika, jina lililoko ukutani ndilo linaloitwa.

Feri_Saa_Kumi_na_Mbili
Mimi niko ng'ambo, mkataba kama huo wa kwako, kaunti sitaitaja. Nawaunga mkono lakini naongeza chumvi.

Kwa miguu feri ni bure, hiyo wengi huisahau wakilinganisha. Lakini toka Kisauni uwahi saa mbili kazini, uwe umeamka saa kumi na moja. Matatu hadi mjini, nyingine hadi feri, halafu wasimama pale kwenye banda na watu elfu wakingoja geti lifunguliwe. Ikiharibika moja, umechelewa. Mimi nilihamia Likoni mwaka wa kwanza, kodi ikashuka na usingizi ukarudi.

Ubaya ni tarehe. Mwaka jana nilikaa karibu miezi miwili bila mshahara. Mwenye nyumba haelewi habari za fedha kuchelewa kutoka Nairobi. Nililipa kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na mshahara ulipoingia simu ikaumeza kabla sijauona. Ukichukua kazi hii, mwezi wa kwanza weka kodi ya miezi miwili pembeni usiiguse, hata mama akipiga simu.

Na uliza: ndani ya hiyo 120,000, mshahara wa msingi ni ngapi? Kiinua mgongo cha mwisho wa mkataba huhesabiwa kwa msingi, marupurupu hayaingii.

Dada_wa_Sindano
Kwa famasi binafsi, soma mkataba kuhusu hasara. Nilikuwa sehemu moja, stima ikakatika Ijumaa usiku, jenereta haina mafuta. Jumamosi nafungua friji, kipimajoto kinasoma 19 na insulini inatakiwa kukaa kati ya 2 na 8. Nikafanya nilichofundishwa: nikaitoa yote isiuzwe, nikaandika kwenye kitabu. Mwisho wa mwezi thamani yake imekatwa kwenye mshahara wangu, eti mimi ndiye mfamasia msimamizi. Jenereta nayo nilikuwa nasimamia?

Rep_Mstaafu
Hiyo ya tatu bila gari, achana nayo. Utakodi gari na kamisheni yote iende kwa mwenye gari. Nimemaliza.

Zamani_NGO
Nilikuwa mradi wa dawa za ARV, nalipwa vizuri kuliko zote tatu. Januari 2025 Marekani wakasimamisha misaada, na mshahara wangu ukasimama nao. Sasa hivi nafanya lokamu, yaani kushika zamu za watu kwa siku, leo Mtwapa, kesho Changamwe. Nasema tu mkataba wa miaka mitatu si mfupi kama unavyofikiri.

Bint_Majengo
Na lokamu ndiyo atakayoishi nayo. Hospitali ya umma akitoka saa kumi na moja, Jumamosi anaweza kushika zamu famasi ya mtu. Ile ya Nyali ya siku sita haimwachii hata siku ya kufua.

Baba Yusra
Ila asome kwanza mkataba unasemaje juu ya kazi ya pembeni. Kuna marupurupu yanayolipwa kwa sharti la kutofanya kazi ya nje. Ukiyapokea na Jumamosi uko kaunta ya mtu, hapo unajitafutia.

Mpya_wa_Dawa
Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni wote. Hili la msingi na marupurupu sikuwa nimeliuliza. Nimepiga simu ng'ambo leo, wameniambia msingi haufiki nusu ya ile 120,000, na kuhusu kazi ya pembeni wataniandikia. Nyali nao nimewauliza usafiri wa usiku na hasara ya friji, wakasema tutazungumza ukishaanza. Hilo "ukishaanza" halijanikaa vizuri.

Kesho nakwenda Likoni kuangalia vyumba. Feri, wapi maji ni matamu?

Feri_Saa_Kumi_na_Mbili
Matamu hakuna. Kuna pa afadhali. Ukishuka feri nipigie, tunywe chai ya mahamri nikupeleke, lakini usije saa za mchana jua likiwa utosini.