Leseni ya rubani binafsi ya nyumbani, nimehamia Ulaya, haifanyi kazi?

Mwewe_Mdogo
Wakuu habari zenu. Nina leseni ya rubani binafsi niliyoipata nyumbani kabla sijahama, logibuku ina masaa 87, karibu yote ya Cessna 172. Sasa nipo Ulaya kikazi mwaka wa pili, na kila wikendi vindege vinapita juu ya nyumba roho inaniuma. Juzi nikajikaza nikaenda klabu moja ya marubani nikijua nakodi ndege naruka, jamaa akaigeuza leseni yangu mbele nyuma akasema hii huku huwezi kurukia. Si imetolewa kwa viwango vya ICAO, lile shirika la kimataifa la usafiri wa anga? ICAO si dunia nzima? Au ananibania tu? Kuanza tena sifuri sina ubavu huo.

Kipanga77
Hajakubania mkuu, wengi tunaingia mkenge hapohapo. ICAO haitoi leseni, inaweka viwango, leseni zinatolewa na nchi. Mkataba wa Chicago wa 1944 kifungu cha 32 unataka rubani wa safari za nje awe na leseni iliyotolewa au kuidhinishwa na nchi ambako ndege imesajiliwa, na huku klabuni mambo yanakwenda hivyohivyo, yani cha kuangalia ni zile herufi za usajili zilizoandikwa ubavuni mwa ndege, zinaonyesha ni ya nchi gani. Leseni yako na ndege zao haviendani.

Ila hauanzi sifuri. Kubadilisha leseni ya nje kuwa ya Ulaya kwa ngazi yako wanataka uwe na masaa yasiyopungua 100, ufanye mtihani wa sheria za anga na ule wa mwili na akili ya binadamu akiwa angani, medikali (cheti cha afya) ya daraja la 2, cheti cha lugha, halafu unaruka na mtahini. Masomo mengine yote ya darasani unasamehewa. Wenye leseni ya Marekani wana makubaliano yao na Ulaya, usije ukasoma maelezo yao ukadhani ni yako.

Bawa_la_Kushoto
Ungekuja Marekani ungekuwa umesharuka mkuu. Huku FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, wanawasiliana na mamlaka iliyokupa leseni wathibitishe ni ya kweli, ile barua ya uthibitisho inaishi miezi 6, ndani ya muda huo unapeleka makaratasi unapewa cheti hamna mtihani wa kuandika wala wa kuruka. Kabla ya kuwa rubani mkuu unakaa na mwalimu angalau saa moja ya maongezi na saa moja angani, na unarudia kila miezi 24. Shida yake hicho cheti kimebeba namba ya leseni yako ya nyumbani, ile ikifa na hiki kimekufa. Mimi ya kwangu iliisha muda nikiwa huku sina habari, mwalimu ndiye aliyeishtukia tukiwa tumeshakagua ndege tunataka kuwasha injini. Nilirudi nyumbani kimya kabisa siku ile.

Tiara
Si achukue hicho cha Marekani halafu huko Ulaya atafute ndege yenye usajili wa N, yani ya Marekani? Watu kibao walikuwa wanafanya hivyo.

Kipanga77
@Tiara walikuwa, umesema vizuri. Siku hizi kama mwenye kuimiliki au kuisimamia hiyo ndege anaishi Umoja wa Ulaya, rubani anatakiwa awe na leseni ya Ulaya pia. Mlango umefungwa.

Mwewe_Mdogo
Asanteni sana. Sasa hayo masaa 13 nayatoa wapi kama siruhusiwi kuruka??

Shuka_Polepole
Ruka na mwalimu. Mimi nilikuwa na pengo kubwa kuliko lako nikalimaliza hivyo, ila waandikie mamlaka kwanza uwaulize wanavyohesabu. Na usiyaone masaa ya hasara maana mimi ndege nilikuwa naijua, kilichonitoa jasho ni anga. Ramani imejaa maeneo ya kila rangi, hapa unaita mnara, hapa hauiti mtu, ukipotea kidogo tu umeingia kwenye njia ya madege makubwa. Viwanja vidogo vingine hautui mpaka uwe umepiga simu kuomba ruhusa. Halafu redio sasa, una cheti cha Kiingereza safi kabisa lakini Ufaransa kwa mfano kuna viwanja kibao vidogo redioni ni Kifaransa tu, mara ya kwanza nimekaa kwenye mzunguko wa kutua nasikia sauti tatu sijui nani yuko mbele yangu nani yuko nyuma, mwalimu anacheka tu pembeni. Kama unajua ya huko uliko hata ya kuombea maji umeshapiga hatua.

Ukishapata leseni pia usilale, kubeba abiria lazima uwe umepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90. Mke wangu alisubiri miezi kupanda na mimi kwa sababu hali ya hewa kila wikendi mawingu chini.

Mwewe_Mdogo
Hiyo ya redio imenitisha kuliko mitihani aisee. Naanza na medikali, nimeshaomba nafasi. Navaa miwani, hawatanikatalia?

Shuka_Polepole
Hawakukatalii kama ukiivaa unaona vizuri. Ila nunua na ya akiba, huku lazima uwe nayo kila unaporuka, na iweke mkono unapofika sio kwenye begi la nyuma.