Samoni wa pinki wanaruka mbele yangu lakini hawamgusi nzi wangu bandia, naomba ushauri

Mpwani wa Seattle:
Heshima kwenu wakuu. 2025 ni mwaka wa witiri, na samoni wa pinki hurudi kwa wingi miaka ya witiri, kwa hiyo wamejaa Puget Sound, mkono wa bahari wa huku kwetu. Mwezi huu wa nane nawaona pale Lincoln Park wakiruka karibu kabisa na ufukwe. Nina fimbo namba 6 na nzi wa kijani, yaani ndoana iliyofungwa manyoya. Naurusha mshipi katikati ya kundi, navuta haraka. Hakuna kitu! Wenye chambo cha chuma pembeni yangu wanapata. Sitaki kuacha nzi, na hawa wakipita ni mpaka 2027.

Binti Mkokotoni:
Pole mkuu. Anza na rangi na mwendo. Samoni huyu hula sana vidudu vidogo vinavyoelea baharini, jamii ya uduvi, kwa hiyo hana haja ya kukimbiza kitu cha kasi. Funga nzi mdogo wa pinki, ndoana namba 6 au 8, manyoya machache. Vuta polepole, vipande vifupifupi, bila kukatiza. Na usiwatupie kichwani, watatawanyika. Anayeruka anakuonyesha kundi linaelekea wapi tu. Tupa mbele yao, wamkute nzi njiani.

Nahodha K:
Mshipi wako unaelea au unazama?

Mpwani wa Seattle:
Unaelea.

Nahodha K:
Hapo pana tatizo pia. Tafuta unaozama taratibu, usio na rangi. Vaa na kikapu cha kiunoni cha kukusanyia mshipi, maana mwani wa pale unanasa kila kitu. Usiingie maji ya kina, kaka. Samaki wenyewe hupita karibu na nchi kavu, ukiingia mpaka kiunoni unawafukuza.

Mpwani wa Seattle:
Shukrani. Akigusa, niinue fimbo mara moja?

Binti Mkokotoni:
Hapana, mdomo wake laini, utachanika. Endelea kuvuta mpaka usikie uzito, ndipo uinue. Kile kijino cha ndoana kinachomzuia samaki kuchomoka kibane kabisa kilale, ndiyo sheria ya samoni huko Puget Sound, na kadi ya kurekodia samaki uijaze papo hapo. Ukimchukua wa kula, mtoe damu palepale ufukweni umtie kwenye barafu. Nyama yake huharibika upesi. Wengi wanaomdharau pinki walimla aliyeshinda juani.