Sangara wa kilo 6 ana uzito gani? Mwalimu kamkata dogo, mnasemaje

Wakuu habari za jioni, hili limeleta kelele hapa mwaloni Kirumba tangu asubuhi. Dogo wangu yuko fomu wani, kaulizwa sangara wa kilo 6 ana uzito gani, akaandika kilo 6, si ndo hivyo jamani? Kapigwa kosa jekundu. Jibu eti nyutoni 60. Wenzangu wanasema mwalimu anamtesa mtoto bure, na mi mwanzo nilikuwa upande wao ila nimekaa nikatafakari naona mwalimu yuko sawa, tatizo ni neno letu.

Huku tukisema uzito tunabeba vitu viwili kwa mpigo. Kuna wingi wa samaki mwenyewe, nyama na mifupa, hilo ndo tungamo linapimwa kwa kilo, halafu kuna vile dunia inavyomvuta chini, huo ndo uzito na unapimwa kwa nyutoni, kila kilo inavutwa kama nyutoni 9.8 shuleni wanazungusha inakuwa 10. Mpeleke sangara huyo mwezini, hajapungua hata gamba, ila mvuto wa kule ni kama moja ya sita ya huu wetu. Mizani ya springi ya kuning'iniza itasoma kilo 1. Ile ya mawe itasoma 6 vilevile maana na mawe nayo yamekuwa mepesi. Mnunuzi mwenye springi angewamaliza wavuvi kule 😂

— Mkuu acha mambo ya mwezi, nani anauza sangara huko? Duniani kilo ni kilo, unamchanganya mtoto tu.

Si mwezini tu kaka. Hata duniani mvuto haulingani, huku kwetu karibu na ikweta ni mdogo kuliko ncha ya kaskazini. Chukua springi iliyosetiwa kule nchani uning'inize mzigo wa kilo 100 hapa Mwanza, itasoma pungufu kama nusu kilo, na za dijitali msiziamini sana, nyingi nazo zinapima mgandamizo tu halafu zinakuandikia kilo. Dawa ni kuisawazisha kwa mawe palepale inapotumika.

— Mi nauza dagaa kwa ndoo hayo hayanihusu 😂 ila wakikauka si uzito unapungua?

Hapo dada tungamo lenyewe limepungua, maji yametoka. Ni tofauti na sangara akiwa bado majini unamwona mwepesi, ukimnyanyua juu ya mtumbwi mkono unalegea. Huyo hajaongezeka kitu, ni maji yalikuwa yanakusaidia kumbeba.

— Haya profesa, kesho mteja akija nimwambie nyutoni ngapi?

Mteja mwambie kilo, yeye ananunua nyama hanunui mvuto. Dogo ndo aandike nyutoni. Humu hamna walimu wa fizikia? Maana dogo anataka nikamwombee maksi na mi sitaki kwenda.